Dume la Mama Agnesi na Mnunuzi Asiyeingia Uwanjani

Mwenye kuwajibika kwa nusu ya shamba la Mama Agnesi wa kijiji cha Daudi kubaki majani msimu uliopita ni mnunuzi aliyejisajili katika tovuti ya mnada kwa jina la Mfugaji wa Kisasa. Anayemfuata ni dawati la usuluhishi la tovuti hiyo, lililomwamini pasipo kumuuliza hata swali moja. Wa tatu ni mimi, niliyekuwa Katibu wa Mnada wa chama chetu cha ushirika wa wafugaji, kwa kuwa ndimi niliyepiga picha. Naanza na wahusika kwa sababu katika miaka yangu ya kazi nimesoma taarifa nyingi zinazoanza na hali ya hewa, zikaendelea na changamoto, zikamalizia na shukrani kwa wageni waalikwa, na hadi mwisho msomaji asijue ni nani aliyeacha geti wazi.

Nimestaafu mwezi uliopita. Rehema, aliyeachiwa meza yangu, aliniomba niandike mambo ya kazi kwa ajili yake na wenzake watakaokuja. Nadhani alitarajia kurasa mbili za namna ya kujaza fomu. Fomu atazijua mwenyewe. Vyeo sitavitaja, kwa sababu vilikuwa vichache, wala mishahara, kwa sababu mwenye haki ya kuijua aliijua. Nitaandika kilichonifundisha, na mwishoni nitaandika ninachodai.

Nilianza kazi nikiwa kijana mwenye mwandiko mzuri, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu yote. Siku ya kwanza nilifika uwanja wa mnada, karibu na Dongobesh, nimevaa shati jeupe. Msimamizi wa mnada wakati huo alikuwa Mzee Bura, mtu mrefu, mkavu, aliyevaa koti moja masika na kiangazi. Alinitazama kuanzia kola hadi viatu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kuoa au umekuja kufanya kazi?"

"Kufanya kazi, mzee."

"Basi kasimame kule, upepo unakotoka, vumbi lisikukute. Hilo shati mama yako atalilia."

Nilikwenda nilikoelekezwa. Ndiko ng'ombe wote walikokuwa wakisubiri zamu, na baada ya saa moja shati halikuwa jeupe tena, ingawa vumbi kweli halikunikuta. Mzee Bura hakusema uongo. Alisema sehemu ya ukweli iliyomhusu.

Vifaa vyetu vilikuwa daftari kubwa lenye karatasi ya kunakilishia, kalamu mbili, kopo la rangi nyekundu ya kuwatia alama walionunuliwa, na filimbi. Filimbi ilikuwa ya Mzee Bura peke yake, imefungwa kwa uzi shingoni mwake. Daftari lilikuwa na safu za jina la mwenye mali, kijiji, jinsia ya mnyama, rangi, pembe na makovu. Kanuni yake ilikuwa moja, na alinipa siku hiyohiyo.

"Andika unachokiona. Ukiandika unachoambiwa, basi hapa kila ng'ombe ni wa maziwa na kila dume ni mpole."

Niliishika kanuni hiyo miaka yote. Nawaomba muikumbuke hapa, kwa kuwa ndiyo iliyokuja kuniponza.

Kuna mambo mawili ya uwanja ule ambayo hayakuandikwa popote, kwa kuwa hakuna aliyekuwa hayajui. La kwanza ni kamba. Kwetu ng'ombe akishanunuliwa, muuzaji hufungua kamba yake, huikunja na kurudi nayo nyumbani. Mnunuzi huja na ya kwake. Kamba iliyomtoa ng'ombe zizini ndiyo itakayomfunga atakayemfuata, na kumpa mgeni kamba ni kama kumpa zizi lenyewe. Mkristo hufanya hivyo, Mwislamu hufanya hivyo, na yule asiyejua ni wa upande gani hufanya hivyo pia. Daftari letu halikuwa na safu ya kamba, kama ambavyo halikuwa na safu ya kivuli cha ng'ombe.

La pili ni kuingia uwanjani. Mnunuzi aliyetaja bei, akashinda, kisha akarudi nyuma, hakupigwa faini. Mzee Bura alipuliza filimbi, watu wakanyamaza, na mtu yule akaingia katikati ya uwanja peke yake. Alivua kofia, akatembea hatua thelathini hivi hadi aliposimama muuzaji, akasema kwa sauti, "Nimeshindwa," na sababu yake. Muuzaji alijibu, "Nimesikia." Basi, ng'ombe akanadiwa upya. Nilimwona mfanyabiashara mmoja mkubwa wa Katesh, mwenye malori, akiingia uwanjani kwa ajili ya mbuzi watatu aliowataja kwa kelele na kuwaacha kwa kunong'ona. Alitembea zile hatua kama mtu anayevuka mto asiojua kina chake. Sikumwona akirudia. Faini mtu mzima huilipa akaisahau, lakini kutembea mbele ya mashemeji zake hakusahau.

Mzee Bura alipofariki, familia yake ilinikabidhi filimbi. Niliipuliza mara chache. Kuwapo kwake shingoni kulitosha.

Miaka ya mwisho ya kazi yangu walikuja wataalamu vijana wakiwa na vishikwambi na chupa za maji. Walitueleza kwamba mnada sasa utakuwa mkononi, kwamba ng'ombe wa Mbulu na samaki wa Basotu wataonekana na mnunuzi aliye popote, na kwamba dalali wa kati amekwisha. Nilifurahi kwa dhati. Nilikuwa nimewaona watu wetu wakibanwa na wanunuzi walewale watano ambao hukubaliana bei kwenye chai kabla mnada haujaanza. Ndipo Rehema alipoajiriwa. Alizaliwa Katesh katika familia ya maduka, na alijifunza kumjua mteja kabla hajajifunza kusoma. Alinielekeza tovuti ile kwa subira ambayo sikuistahili.

"Hizi nyota ni za nini?"

"Ni za kupima uaminifu, Katibu. Mteja akiridhika anatupa tano. Akikasirika anatupa moja."

"Na sisi tunampa ngapi?"

"Sisi hatumpi."

"Akishinda mnada akapotea?"

"Mfumo unamtumia ujumbe wa kumkumbusha."

"Asipokumbuka?"

"Unamtumia mwingine."

Niliuliza kama upo ujumbe wa kuingia uwanjani. Rehema alicheka, akadhani natania.

Mnunuzi wetu wa kwanza alipandisha dau la kondoo hadi tukapigiana makofi ofisini. Alishinda, kisha akaandika, "Bei ya mwisho?" Nilimjibu kwa adabu kwamba mnada umefungwa na kwamba bei ya mwisho ndiyo aliyoitaja yeye mwenyewe. Alijibu, "Sawa mzee, lakini ya mwisho kabisa?" Mwingine alilalamika kwamba kondoo alionekana mkubwa zaidi kwenye simu. Rehema alimuuliza ana simu ya ukubwa gani, na kwa swali hilo tukapoteza nyota mbili. Mama mmoja wa Basotu aliuza samaki wakavu, safi, waliofungwa vizuri kwenye gunia. Mnunuzi aliwarudisha kwa sababu, namnukuu, walikuwa na harufu ya samaki. Mbuzi dume wa Getanuwas alirudishwa kwa kosa la kulia alfajiri. Wa ajabu zaidi alishinda minada sita kwa siku moja, na tulipompigia tukaambiwa kwamba alikuwa anajaribu tu kama simu inafanya kazi. Ilikuwa inafanya kazi.

Kila tukio niliandika daftarini, kwa kalamu, pamoja na jina alilojiita mnunuzi. Rehema aliniambia taarifa zote zipo kwenye mfumo. Nilimjibu kwamba mfumo ni wao na daftari ni letu.

Sasa nafika kwa Mama Agnesi.

Alikuja ofisini kwa miguu, mwavuli umekunjwa mkononi, wiki kadhaa kabla ya mvua. Ni mama mwenye umri wa kumzaa mtu kama mimi, mjane, mwenye shamba la mahindi na maharage kwenye mteremko wa Daudi. Alikuwa analima kwa maksai wawili, Askari na Karani. Karani alikuwa ameugua, akafa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Katibu. Hujambo? Karani wangu amekufa."

"Pole sana, mama. Nimesikia."

"Alifanya kazi mpaka siku ya mwisho yule. Siyo kama makarani wengine ninaowajua." Alikaa, akaiweka miguu sawa. "Jembe la ng'ombe halivutwi na maksai mmoja. Ninalo dume, lile jekundu lenye baka begani. Nataka liuzwe, nipate maksai aliyefundishwa, kabla mvua haijashuka. Mvua ikinikuta na Askari peke yake, mwaka huu nitakula nini?"

Hilo ndilo lililokuwa mezani, na nataka lieleweke hivyo. Hakuwa anafanya biashara. Alikuwa anabadilisha mnyama mmoja kwa mwingine, na saa yake ilikuwa mvua.

Alitaka kulipeleka uwanjani siku ya mnada. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia wale watano wameshasikia habari za Karani na watambana, lakini kwenye mtandao hakuna anayejua shida yake. Nilisema kweli. Sikufikiri kwamba wasiojua shida yake hawajui pia kitu kingine chochote chetu.

Tovuti ilitaka picha ya mnyama akiwa amesimama pembeni na amefungwa. Dume lile lilikuwa kubwa, zuri, na halikupenda kutazamwa. Mama Agnesi alilifunga kwa kamba yake mwenyewe, ya ngozi iliyosukwa, nyeusi kwa kushikwa, aliyoachiwa na mumewe. Nilipiga picha. Nilijaza maelezo yote kwa usahihi: jinsia, rangi, baka, pembe ya kushoto iliyochongoka, kovu dogo gotini. Niliandika nilichokiona. Kamba niliiona, lakini sikuandika kwamba inabaki, kwa sababu huku hakuna mtu anayeandika kwamba kamba inabaki.

Dau lilipanda vizuri. Mfugaji wa Kisasa alishinda, na siku chache baadaye Yona, dereva wa lori tunayemtumia siku zote, alifika Daudi na kibali cha kusafirisha mifugo mfukoni. Mama Agnesi alifungua kamba yake kwenye mlango wa lori, akaikunja. Yona alilifunga dume kwa kamba ya lori. Kazi ilikwisha kama inavyokwisha siku zote.

Kanuni ya tovuti ni kwamba malipo hushikiliwa hadi mnunuzi abonyeze kitufe kilichoandikwa "Nimepokea, nimeridhika". Amepewa siku saba. Siku ya sita Rehema aliniita.

"Katibu, njoo usome hapa. Mimi nasoma lakini siamini."

Ilikuwa imeandikwa: "Bidhaa imefika pungufu. Kamba ya ngozi inayoonekana kwenye picha haipo."

"Anataka kamba?" niliuliza.

"Anataka kamba."

"Ya ng'ombe?"

"Ya kwenye picha, Katibu. Ona, ameizungushia duara jekundu."

Niliandika maelezo ya kurasa mbili, yenye utangulizi, chimbuko la desturi, na hitimisho. Kisanduku cha majibu cha tovuti kilipokea mistari michache kikakata kilichobaki, hivyo utetezi wetu rasmi uliishia kwenye maneno "Kwa desturi ya". Dawati la usuluhishi lilijibu siku iliyofuata: "Asante kwa kuwasiliana nasi. Muuzaji anashauriwa kutuma sehemu iliyopungua."

Nilikwenda Daudi mwenyewe kumweleza. Mama Agnesi alisikiliza hadi mwisho huku akichambua maharage.

"Huyo mtu ana ng'ombe?"

"Anasema anao, mama."

"Mwenye ng'ombe haombi kamba ya mtu. Hapana, Katibu. Dume nimeuza. Zizi sijauza."

Sikumbishia. Tulinunua kamba mpya dukani Dongobesh, ya nailoni, ya bluu, imara kuliko ile ya ngozi, tukampa Yona aipeleke kwa gharama yetu. Jibu lilikuja na picha ya kamba hiyo ikiwa juu ya kiti, na maneno: "Hii siyo kamba iliyo kwenye picha." Katika hilo, lazima nikiri, alikuwa sahihi.

Nilimpigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshiba.

"Mzee wangu, shikamoo. Mimi sina ugomvi na wewe. Lakini biashara ni utaratibu."

"Marahaba. Utaratibu ndio kazi yangu, Bwana. Kama dume halikufai, lirudishe leo. Kama linakufaa, bonyeza. Yule mama anangoja kununua maksai, na mvua haisubiri."

"Naelewa kabisa, mzee. Acha nilitafakari hili jambo. Dume bado naliangalia angalia."

Aliliangalia siku kumi. Kisha akaliangalia nyingine nane. Kila mara dawati liliandika kwamba shauri linaendelea kushughulikiwa, na kila mara lilinishukuru kwa uvumilivu ambao sikuwa nao.

Mvua ilishuka. Kutoka dirishani kwa Mama Agnesi mteremko wote ulionekana ukigeuka mweusi, shamba moja baada ya jingine, na jozi za maksai zikipanda na kushuka. La kwake lilibaki na mabua ya mwaka jana. Askari alisimama kwenye uzio akitazama wenzake. Majirani walifanya walichoweza. Siku maksai wao walipopumzika, mmoja wao alifungwa nira pamoja na Askari kwa saa chache za asubuhi. Kwa namna hiyo, kwa saa za kuazima, alilima nusu. Nusu ya pili majani yaliitangulia mbegu. Nilimkuta siku moja amesimama mpakani, pale palipolimwa panapokutana na pasipolimwa, jembe la mkono begani. Hakunilaumu. Alisema tu, "Nenda nyumbani, Katibu, utalowa." Ningependa zaidi anilaumu.

Hatimaye dawati liliamua. Mauzo yamefutwa. Bidhaa irudishwe kwa muuzaji, usafiri juu yake. Chama kimepewa nyota moja kwa kosa la picha kutolingana na bidhaa. Nilipitia daftari langu na kugundua kwamba jina la Mfugaji wa Kisasa lilikuwa mle mara mbili kabla ya hapo. Mbuzi dume yule wa Getanuwas, aliyerudishwa kwa kosa la kulia alfajiri, alikuwa amekaa kwake wiki mbili. Kabla yake kulikuwa na kondoo dume, aliyerudishwa baada ya siku ishirini kwa sababu ya rangi ya kwato. Madume watupu. Nilikuwa nimeyaandika yote kwa mkono wangu, kwa usahihi kamili, na sikuwahi kuyasoma.

Yona alirudisha dume asubuhi ya siku ya mnada, akalishusha mbele ya ofisi. Mama Agnesi alikuwapo, na Rehema pia. Dume lilishuka likiyumba, mbavu zinahesabika, limefungwa kamba ya bluu.

"Limeugua?" Rehema aliuliza.

Yona alitazama chini. Ni mtu mzima, mwenye watoto, na alikuwa anaona aibu isiyokuwa yake.

"Halijaugua, dada. Nilimuuliza mchungaji wake kule. Akaniambia bosi ana mitamba kumi na mmoja, majike ambao hawajazaa bado. Wote wameshapandwa. Alisema, 'Bosi aliagiza likimaliza kazi lirudi.' Alidhani na mimi najua. Akaniuliza lingine tunaleta lini."

Kisha Mama Agnesi akauliza, taratibu, kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri.

"Kwa hiyo alitaka mbegu?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa si angesema? Majirani wanaleta majike wao zizini kwangu kila mwaka. Mtu anabisha hodi, anasema shikamoo, anasema ana jike linalohitaji dume. Nimewahi kumnyima nani? Nimewahi kumdai nani?" Aligeuka kwangu. "Katibu, wewe unajua kusoma. Kwenye hiyo simu hakuna mahali pa kuomba?"

Nilimjibu kwamba hakuna. Kipo kitufe cha kununua na kipo kitufe cha kulalamika.

Alilifungua dume kamba ya bluu, akaja nayo hadi mezani kwangu, akaiweka juu ya daftari. "Hii siyo yangu. Sitaki kamba ya mtu zizini mwangu." Akatoa ya ngozi chini ya khanga, akalifunga dume lake, na wakaenda uwanjani.

Siku ileile lilinadiwa, kwa sauti, mbele ya watu. Kwa mbavu zile halikupata maksai wa maana. Lilipata mmoja mzee, mwaminifu, mzito wa miguu, na msimu ulikuwa umeshapita. Mama Agnesi alimpa jina la Katibu. Ameniambia si kwa ubaya. Ni kwamba anafanya kazi vizuri ila huchelewa.

Niliwasilisha malalamiko kwenye tovuti kuhusu mitamba kumi na mmoja. Nilijibiwa kwamba muamala umefungwa, na nikaombwa nitoe maoni yangu kuhusu ubora wa majibu niliyopata. Nilijaza. Ni tabia yangu kujaza.

Kwa Rehema na wenzake, yaliyo ya kazi ni haya. Daftari sasa lina safu ya kamba. Niliichora mwenyewe kwa rula wiki yangu ya mwisho, na ndani yake huandikwa "inabaki", kwa kila mnyama, hata kama mwenyewe anacheka. Mnyama dume asipelekwe kwa mnunuzi ambaye jina lake halijatafutwa kwanza kwenye kurasa za nyuma. Kuandika unachokiona ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kurudi kusoma ulichoandika, na hiyo Mzee Bura hakunifundisha kwa sababu yeye aliwakumbuka wote kwa sura. Nyinyi hamtaziona sura zao. Someni.

Yaliyobaki ni madai, nami nayatoa kwa jina langu na kwa ridhaa ya Mama Agnesi.

Nalitaka dawati la usuluhishi la tovuti hiyo litaje, kwa maandishi na kwa jina kamili, mtu aliyeamua kwamba kamba ni sehemu ya ng'ombe, na lieleze ni kwa nini muuzaji hupewa nyota na mnunuzi hapewi. Nalitaka liiondoe nyota ile moja, au iandikwe kwa jina langu peke yangu, kwa kuwa picha niliipiga mimi na wafugaji wa chama hawakuipiga. Nautaka uongozi wa chama uniite mbele ya mkutano mkuu nijibu kwa kumshauri mjane auze kwa watu ambao hawezi kuwaona. Nitakuja bila kusindikizwa.

Na Mfugaji wa Kisasa namtaka aje mwenyewe. Kamba yake ya bluu imetundikwa ukutani nyuma ya meza ya Rehema, ina kikaratasi chenye maelezo yake, na haitatumwa kwa njia yoyote. Aje siku ya mnada, mchana kweupe, akiwa na jina alilopewa na wazazi wake. Filimbi bado ninayo, nami nitaipuliza. Ataingia uwanjani, atavua kofia, atatembea hatua thelathini hadi aliposimama Mama Agnesi, na atasema kwa sauti alilifanyia nini dume lake wakati mvua inanyesha. Nimemuuliza Mama Agnesi kama atakuwa tayari kumjibu "nimesikia", kama utaratibu unavyotaka. Amesema atamjibu. Baada ya neno hilo, amesema, utaratibu haumzuii kuongeza mengine.